Shahada ya Upande wa Nyuma: Namna ya Kuzijua Beji na Nishani za Kale za Wajerumani

Nishani hufanywa ili itazamwe upande mmoja. Upande wa mbele, ulio mkabala na macho ya watu, ndipo serikali iliyoitoa inapoweka taji lake, tai wake, mwaka wa vita vyake na maneno inayotaka yakumbukwe. Ama upande wa nyuma, ulalao juu ya kitambaa cha koti na usioonwa na mtu ila yule mwenye kuivaa, huachiwa pini, bawaba, lehemu, na alama ndogo ndogo za karakana zilizopigwa upesi na fundi asiyedhani kwamba iko siku atatokea mtu wa kuzisoma. Kwa sababu hiyo, mtu atakaye kujua nishani ya Kijerumani ilifanywa lini na wapi, na kama ni ya asili au ni ya kughushi, yampasa aanze kwa kuigeuza. Kwani mbele ya nishani ni tangazo, na nyuma yake ni shahada.

Ujerumani ni nchi inayoifaa sana elimu hii, kwa kuwa katika muda wa karne mbili dola zake zimegeuka mara nyingi, na kila dola iliyosimama ilibadili alama za ile iliyoanguka. Kabla ya mwaka 1871 palikuwa na falme na himaya nyingi, Prusia, Bavaria, Saxony na nyinginezo, kila moja na nishani zake. Mwaka huo zikaunganishwa chini ya Kaizari mmoja. Kaizari akaondoka mwaka 1918 ikaja jamhuri. Mwaka 1933 Hitler na chama chake cha Nazi wakashika hatamu. Mwaka 1945 wakashindwa, na nchi ikagawanywa baina ya majeshi yaliyoshinda. Mwaka 1949 zikazaliwa serikali mbili, ya Magharibi na ya Mashariki, ambazo ziliungana tena mwaka 1990. Kila mageuzi hayo yameacha athari katika chuma na shaba, na mwenye kuzijua athari hizo aweza kuchukua kipande kidogo kisichozidi upana wa vidole vitatu na kukiweka katika zama zake.

Tuanze na nishani iliyo mashuhuri kuliko zote, yaani Msalaba wa Chuma, ambao Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prusia aliuanzisha tarehe 10 Machi, 1813, wakati taifa lake lilipokuwa likijiandaa kupigana na Napoleon. Umbo lake lilichorwa na msanifu Karl Friedrich Schinkel kwa kufuata wazo la mfalme mwenyewe, na madini yake yalichaguliwa kwa makusudi: haikuwa dhahabu wala vito, bali chuma, kwa kuwa zama zile zilikuwa za dhiki, na raia walikuwa wakiombwa watoe mapambo yao kwa ajili ya vita. Msalaba huo ukafufuliwa mwaka 1870 katika vita na Ufaransa, ukafufuliwa mara ya pili tarehe 5 Agosti, 1914, na mara ya tatu tarehe 1 Septemba, 1939, siku ile ile majeshi ya Hitler yalipoingia Poland.

Hapa ndipo asiyejua hutegwa. Akiona mwaka 1813 umechorwa juu ya chuma, hudhani ameshika kitu cha zama za Napoleon, ilhali mwaka huo umo katika misalaba yote ya daraja la pili, ya vita vyote vinne, kwa kuwa kila aliyeufufua msalaba alitaka kukumbusha asili yake. Msalaba wa kwanza ulikuwa mtupu upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa na taji na herufi FW juu, majani matatu ya mwaloni katikati, na 1813 chini. Ule wa 1870 na ule wa 1914 uliubakiza upande huo kama ulivyo, na ule uliokuwa mtupu ukatiwa taji, herufi W, na mwaka wa vita vipya. Wa 1939 ukavunja mila: mbele ukatiwa swastika na mwaka 1939, na nyuma hapakubaki ila 1813 peke yake, bila taji wala majani. Kwa hiyo mwaka uliochorwa hautuambii nishani ilifanywa lini. Hutuambia ilikusudiwa kwa vita gani. Misalaba mingi yenye mwaka 1914 ilifanywa baada ya vita kwisha, kwa kuwa askari aliyepoteza ule wa kwanza, au aliyetaka mwingine ulio mzuri zaidi wa kuvaa sikukuu, aliweza kuununua dukani kwa fedha yake.

Chukua basi msalaba wa daraja la pili wa 1914, uutie kiganjani, uutazame ukingo wake kwa kioo cha kukuzia. Utaona kwamba si kitu kimoja bali ni vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na nusu mbili za fremu ya fedha, moja ya mbele na moja ya nyuma, zilizokikumbatia kiini hicho na kulehemiwa pamoja pembezoni. Mahali nusu hizo zilipokutana pana mstari mwembamba unaozunguka ukingo wote. Na ingawa fundi aliusugua kwa tupa mpaka ukakaribia kutoweka, aghalabu utaupata katika pembe za ndani, ambako tupa haifiki vizuri. Upande wa ndani wa fremu pana safu ya vipunje vidogo vilivyopangwa sawasawa, na kila kipunje kina makali yake. Kisha tazama pale chuma kinapoingia chini ya fedha: unyevu wa miaka mia umepita humo, na rangi nyeusi imeinuka kidogo kwa kutu iliyo chini yake. Juu kabisa, katika kipete kinachopitishwa utepe, huenda pakawa na herufi ndogo mno, kama vile KO, ambayo ni alama ya idara ya sarafu ya mfalme iliyokuwa Berlin.

Mghushi mvivu hawezi kuyafuata hayo yote. Huumimina msalaba wake mzima katika kalibu moja, kisha akaupaka rangi nyeusi katikati na nyeupe pembeni. Na ukiutazama kwa kioo utakuta vishimo vya mapovu ya hewa, vipunje vilivyoshikamana kama vilivyoyeyuka, na ukingo usio na mstari wowote, au wenye mstari wa uongo uliochorwa kwa msumari. Wapo wasemao kwamba sumaku yatosha kuwa hakimu, kwani msalaba wa asili una kiini cha chuma na sumaku huuvuta. Neno hilo lina ukweli ndani yake, walakini halitoshi: iko misalaba ya asili ambayo kiini chake ni cha shaba au madini mengine yasiyovutwa, na wako waghushi wa leo wanaotia chuma kwa kujua kwamba mnunuzi atakuja na sumaku mfukoni. Sumaku ni shahidi mmoja, na kadhi mwadilifu hakati hukumu kwa shahidi mmoja.

Shahidi wa pili ni alama zilizopigwa nyuma, na hizi ndizo zinazotoa tarehe kwa yakini zaidi, kwa kuwa nyingi zilitokana na sheria, na sheria huwa na siku yake ya kuanza. Mathalani, katika vyombo vya fedha vya Kijerumani utaona hilali na taji pamoja na tarakimu 800 au 925, zinazoonyesha ni sehemu ngapi kati ya elfu zilizo fedha safi. Na kwa kuwa sheria ya alama hizo ilianza kutumika mwaka 1888, beji yenye hilali na taji haiwezi kuwa imepigwa chapa hiyo kabla ya mwaka huo, hata kama muuzaji ataapa kwamba ni ya vita vya 1870. Kadhalika herufi D.R.G.M., zinazojulisha kwamba umbo la kitu au la pini yake limeandikishwa serikalini, zilitokana na sheria ya mwaka 1891, na zikatumika mpaka dola ile ilipoanguka 1945. Baadaye, katika Ujerumani ya Magharibi, herufi ya dola ya zamani ikabadilishwa ikawa B, yaani D.B.G.M. Herufi moja hiyo yatosha kututenganishia zama mbili.

Katika utawala wa Nazi tarakimu zikawa nyingi zaidi. Beji za chama na za jumuiya zake zilikaguliwa na idara iliyoitwa Reichszeugmeisterei, ambayo chapa yake ni herufi RZM zikifuatwa na namba ya karakana, kama M1 na mkwaju (/) na tarakimu. Ama nishani za kijeshi, tangu mwaka 1941 watengenezaji walikusanywa katika umoja wao, na zile zilizokusudiwa kuuzwa madukani zikapigwa herufi L, mkwaju, na namba, ilhali zile zilizotolewa na serikali yenyewe zilikuwa na namba tupu: 4 ni Steinhauer & Lück wa Lüdenscheid, 20 ni C. F. Zimmermann wa Pforzheim, 100 ni Rudolf Wächtler & Lange wa Mittweida. Kwa hiyo beji iliyoandikwa L na namba haiwezi kuwa ile aliyopewa askari siku za mwanzo za vita, ingawa yaweza kuwa ya asili kabisa. Hiyo ndiyo insafu ya elimu hii: hutofautisha baina ya kitu cha uongo na maneno ya uongo yaliyosemwa juu ya kitu cha kweli.

Shahidi wa tatu ni madini, na katika jambo hili historia ya vita husomeka kwa ulimi wa shaba na zinki. Vita vinapoanza, serikali ina mali, na beji hupigwa kwa shaba nzito iliyochanganywa vizuri, ikapakwa fedha au dhahabu, na makali yake yakawa safi. Vita vinapodumu, shaba huhitajiwa kwa ganda la risasi na mzinga, na karakana hulazimika kutumia zinki, ambayo ni kijivu, huvunjika upesi, na hunywa rangi ya fedha iliyopakwa juu yake mpaka uso ukawa kama jivu. Beji ile ile, kutoka kalibu ile ile, ya mwaka 1940 hung'aa mpaka leo, na ya mwaka 1944 imefifia; na anayedhani kwamba iliyofifia ni ya bandia kwa kuwa haipendezi ameihukumu kwa ujinga. Itazame kadhalika Beji ya Majeruhi, aliyoianzisha Kaizari Wilhelm wa Pili tarehe 3 Machi, 1918, nyeusi kwa aliyejeruhiwa mara moja au mbili, nyeupe kwa mara tatu au nne, na ya manjano kwa mara tano au zaidi: ile nyeusi ni bati jembamba la chuma lililogandamizwa, tupu kwa ndani, maana majeruhi walikuwa wengi na madini yalikuwa haba. Chapeo iliyochorwa juu yake ni ya mwaka 1916. Beji hiyo ilipofufuliwa mwaka 1939, mwanzoni chapeo ile ile ya kale ilitiwa swastika tu, kisha baada ya miezi michache ikachorwa chapeo ya namna mpya. Kwa hiyo mkunjo wa ukingo wa chapeo peke yake hutupa tarehe.

Dhiki hii ya madini ilifika hata kwetu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wa Afrika ya Mashariki walipozingirwa wasiweze kuletewa fedha kutoka kwao, walianzisha karakana ya sarafu Tabora, wakapiga mwaka 1916 sarafu za heller 20 za shaba nyekundu na za shaba njano, zenye herufi T ya mji huo. Na kwa kuwa Tabora ilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mnamo Septemba mwaka ule ule, twajua kipindi chake kwa kukaribia miezi. Si beji, ni sarafu, lakini hufundisha somo lile lile kwa uwazi wa ajabu. Ukiziweka kadhaa pamoja utaona kwamba taji la baadhi yake ni kubwa na la nyingine ni dogo, na katika neno HELLER, ncha za herufi L mbili hazifanani: katika baadhi zimechongoka, na katika nyingine zimepindwa. Tofauti hizo ni nyayo za kalibu mbalimbali, na hakuna aliyezikusudia ziwe ishara; ndiyo maana zinaaminika.

Kalibu nazo huzeeka. Chuma kinachopigwa mara elfu kwa nguvu hupasuka hatimaye, na ule mpasuko, kama ufa wa ukuta unaorefuka kila masika, hutokea juu ya kila beji inayofuata, mdogo kwanza, kisha mkubwa. Watafiti waliozilinganisha beji nyingi za karakana moja wameweza kuzipanga kwa taratibu ya kupigwa kwake, bila barua wala daftari, kwa kuufuata ufa huo tu. Na kwa njia hiyo hiyo hugunduliwa hadaa iliyo ngumu kuliko zote, yaani beji iliyopigwa baada ya vita kwa kalibu ya asili: madini ni mazuri, umbo ni sahihi, lakini ufa ulio juu yake ni mkubwa kuliko ule wa beji ya mwisho inayojulikana kwa yakini kuwa ya wakati wa vita.

Shahidi wa nne ni maandishi. Wajerumani walitengeneza upya tahajia yao mwaka 1901, wakaondoa herufi H katika maneno mengi yaliyokuwa na TH; hivyo beji ya chama cha waimbaji au ya walenga shabaha iliyoandikwa Thal badala ya Tal, au Thurm badala ya Turm, aghalabu ni ya kabla ya hapo. Majina ya miji nayo yana tarehe zake: mji wa Wuppertal haukuitwa hivyo kabla ya mwaka 1930, na Chemnitz uliitwa Karl-Marx-Stadt tangu 1953 mpaka 1990. Bendera ya Ujerumani ya Mashariki haikuwa na nyundo na bikari katikati yake kabla ya Oktoba 1959, kwa hiyo beji iliyoichora bendera hiyo na alama zake haiwezi kuutangulia mwezi huo.

Utepe nao husema. Ule wa Msalaba wa Chuma katika vita vitatu vya kwanza ulikuwa mweusi wenye kingo nyeupe kwa wapiganaji, na wa 1939 ukatiwa wekundu katikati. Kitambaa kikimulikwa kwa taa ya miali ya zambarau isiyoonekana na macho, nyuzi za siku hizi huwaka kwa weupe wa kibuluu, kwa sababu ya dawa za kung'arisha nguo zilizoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Lakini hapa pia tahadhari yahitajiwa, kwani utepe wa kale uliowahi kufuliwa kwa sabuni ya leo utawaka vile vile.

Liko jambo moja ambalo huwashangaza wengi. Mwaka 1957 Ujerumani ya Magharibi ilitunga sheria iliyowaruhusu askari wa zamani kuvaa nishani walizopewa vitani, kwa sharti kwamba swastika iondolewe. Ndipo ikafanywa misalaba mipya yenye mwaka 1939 mbele yake, na katikati, mahali pa swastika, yakarudishwa yale majani matatu ya mwaloni ya mwaka 1813. Msalaba wa namna hiyo si wa kughushi wala si wa wakati wa vita. Ni hati halali ya taifa linalojaribu kuwatambua watu wake bila ya kuitukuza dola iliyowatuma. Karakana nyingine zilizoufanya, miongoni mwao Steinhauer & Lück, ndizo zilizokuwa zikifanya nishani za dola iliyotangulia, na hapo twaona kwamba jina la fundi peke yake halitoshi kutupa tarehe.

Na hapa pana neno zito kuliko mizani na sumaku. Beji zenye swastika zilivaliwa na watu wa dola iliyoua mamilioni, na kuzionyesha hadharani ni kosa katika sheria ya Ujerumani ya leo, ila kwa ajili ya elimu, taarikhi na sanaa. Mwenye kuzighushi hauzi bati tu. Huzidisha duniani alama za maangamizi kwa ajili ya faida, na huichafua hazina ya ushahidi ambayo wajukuu wa waliodhulumiwa wanaihitaji. Nasi tuna sehemu yetu katika dai hilo. Iko nishani ya makoloni iliyoanzishwa mwaka 1912, ambayo juu yake imeandikwa kwa Kijerumani kwamba ni ya mashujaa waliopigania heshima ya Ujerumani, na katika utepe wake huvikwa vibao vyenye majina ya nchi na miaka ya vita. Kimo miongoni mwavyo cha Afrika ya Mashariki ya Kijerumani chenye 1905/07. Miaka hiyo ndiyo ya vita vya Maji Maji, na njaa iliyofuata katika kusini ya Tanzania iliwamaliza watu wengi kuliko risasi. Nishani yenyewe husema heshima. Kibao kidogo cha utepe ndicho kinachotaja mahali na wakati, na kwa kufanya hivyo hutupa njia ya kuuliza heshima hiyo ilinunuliwa kwa nini.

Basi yeyote aliye na kitu kama hicho katika sanduku la babu yake, au anayekutana nacho kwa sonara au kwa muuza vitu vya kale, nampa wasia huu. Asikisugue kwa majivu wala kwa dawa ya kung'arisha, kwa kuwa kutu na rangi iliyofifia ni sehemu ya ushahidi, na ikiondolewa hairudi. Asikitenge na utepe wake, wala na bahasha au karatasi iliyokuja nacho. Akipime uzito, akipige picha mbele, nyuma na ukingoni, na aandike kwa wino ni nani aliyekuwa nacho na kilimfikiaje, kabla wazee wanaojua hawajaondoka. Kisha, anapotaka kusema ni cha mwaka gani, aseme kadiri ushahidi unavyomruhusu na asivuke hapo: chapa hii haiwezi kuwa kabla ya 1888, tarakimu hii haiwezi kuwa kabla ya 1941, majani haya hayawezi kuwa kabla ya 1957. Hukumu ya namna hiyo haina fahari ya hadithi za wauzaji, lakini husimama. Na taarikhi ya watu waliovaa nishani hizi, pamoja na ya wale walioumizwa na waliozivaa, inastahili kujengwa juu ya maneno yanayosimama.